Sayyidna Usama bin Zayd na Mtu wa Juhayna

Waislamu wengi wakitajiwa Sayyidna Usama bin Zayd (R.A.) humkumbuka kwa jambo moja, nalo ni kuwa yeye ndiye kijana aliyepewa ujemadari wa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa ndani yake, ilhali umri wake haukupita miaka 20. Jambo hilo ni kweli, tena ni fahari kubwa kwake. Lakini liko jambo jingine katika maisha yake, lililotangulia hilo kwa miaka michache, ambalo wasemaji wetu hulipita mbio wanapokuwa juu ya mimbari, na huenda sababu ni kuwa halina fahari ndani yake. Usama aliua mtu ambaye haikumpasa kumuua. Alimuua vitani, katika joto la mapambano, na kwa udhuru ambao askari wengi wa ulimwengu huu wangeukubali bila ya kuuliza mara ya pili. Twaona kuwa mwenye kutaka kumjua Usama hasa, na kujua kwa nini aliishi alivyoishi baada ya hapo mpaka kufa kwake, hana budi asimame kwanza mbele ya maiti ya mtu yule. Wala haya si kumpunguzia cheo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii, na lau si yeye tusingeijua kama tunavyoijua.

Baba yake alikuwa Zayd bin Haritha, wa kabila la Kalb, aliyetekwa udogoni na kuuzwa, akafika katika nyumba ya Bibi Khadija, naye akampa Bwana Mtume (S.A.W.) akamwacha huru. Baba yake Zayd alipokuja Makka kumkomboa, Zayd alichagua kubaki. Mama yake Usama ni Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabashi aliyemlea Bwana Mtume baada ya kufiwa na mama yake. Basi Usama alizaliwa Makka kiasi cha miaka 7 kabla ya Hijra katika nyumba ambayo kwa hesabu ya Makureshi ilikuwa nyumba ya watu wasio na ukoo, na kwa hesabu ya Uislamu haikuwako nyumba yenye heshima kuipita. Rangi yake ilikuwa nyeusi na ya baba yake nyeupe, na wenye vinywa walisema waliyoyasema, mpaka akaja mtu mmoja hodari wa kutambua nasaba kwa kutazama viungo, akaiona miguu ya baba na ya mwana imetokeza chini ya shuka, akakata kuwa miguu ile inatokana yenyewe kwa yenyewe. Bwana Mtume aliingia kwa Bibi Aisha siku ile uso wake unang'ara kwa furaha. Akimkalisha Usama juu ya paja moja na mjukuu wake Hasan juu ya paja la pili, na akiwaombea wote wawili pamoja. Watu wa Madina walimwita Kipenzi mwana wa Kipenzi.

Kijana aliyelelewa hivi hutamani vita mapema. Siku ya Uhudi, mwaka wa 3 wa Hijra (625), alijitokeza pamoja na vijana wenzake, akarudishwa kwa udogo wake. Tunamwona huyu kijana arejea mjini na huku watu wazima wanakwenda, na hapana shaka moyo wake ulibaki nao. Kuna vijana ambao kurudishwa huku huwafanya wangoje siku yao kwa kiu kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Siku yake ilifika. Bwana Mtume alituma kikosi kwenda kwa Al-Huraqa, ukoo katika kabila la Juhayna. Waandishi wa vita vya Mtume waliitia safari hii katika Ramadhani ya mwaka wa 7 (mwanzo wa 629), na wengine wakaichelewesha kidogo. Kwa vyovyote iwavyo Usama alikuwa hajafika miaka 18. Kikosi kiliwashambulia alfajiri, na watu wale wakashindwa wakatawanyika. Katika waliokimbia alikuwako mtu mmoja ambaye, kwa riwaya ya Jundub bin Abdillah iliyomo katika Sahihi Muslim, siku ile alikuwa akimchagua Mwislamu amtakaye, akimwendea na kumuua. Usama akamfuata, na pamoja naye mtu wa Ansari. Walipompata na kumzidi nguvu, mtu yule akatamka kalima ya tauhidi. Yule Ansari akauzuia mkono wake. Usama hakuuzuia. Akamchoma kwa mkuki mpaka akamuua.

Hapa twataka kusita kidogo, kwani mambo yote yamo katika kitambo hiki ambacho huenda hakikutimia muda wa kuvuta pumzi mbili. Tuwatazame watu wawili hawa. Wote ni Waislamu, wote ni sahaba, wametoka katika mapambano yale yale, wamekimbia mbio zile zile, wamewaona wenzao wameanguka kwa mkono wa mtu huyu huyu, na neno walilolisikia ni moja. Mmoja mkono wake ulisimama na wa pili ulikwenda. Hatuambiwi kuwa Ansari yule alikuwa mcha Mungu zaidi, wala kuwa alikuwa mwoga, wala hata jina lake hatulipati katika riwaya hizi. Lakini twapata jambo moja kubwa, nalo ni kuwa kuzuilika kuliwezekana. Wako wasemao kuwa mtu katika hali ile hana hiari tena, damu imempanda, macho hayaoni ila mlengwa na masikio hayasikii. Ni kweli kuwa hofu kubwa huyabana macho na masikio ya mwanadamu. Waliopigana wameeleza hivyo, na elimu ya nafsi ya zama zetu imeyathibitisha. Lakini Usama hakudai kuwa hakusikia. Alisikia vyema. Na alichokifanya baada ya kusikia ndicho kinachotupasa kukizingatia: katika nukta ile ile alilifasiri neno lile. Aliamua ndani ya nafsi yake kuwa mtu huyu hasemi kweli, ila anaogopa mkuki. Kwa hiyo mkono wake haukwenda kwa kukosa akili, bali akili yake ilikwenda pamoja na mkono na kuutafutia njia.

Habari ilimfikia Bwana Mtume, akamwita Usama akamwuliza kama alimuua mtu yule baada ya kuitamka kalima. Usama akaeleza kuwa mtu yule aliitamka kwa kutaka kujikinga na silaha. Na katika riwaya ya Jundub ameongeza udhuru wa pili, kuwa mtu huyo aliwaumiza Waislamu na kumuua fulani na fulani, akawataja kwa majina. Tazama nyudhuru mbili hizi. Ya kwanza inahusu moyo wa yule aliyeuawa, na ya pili inahusu yaliyopita. Zote mbili huenda zilikuwa kweli! Bwana Mtume hakumkadhibisha katika hata moja. Hakumwambia kuwa mtu yule alikuwa muumini wa kweli, wala hakukanusha kuwa aliwaua fulani na fulani. Alimwuliza kama aliupasua moyo wake akaona lililomo ndani. Akamwuliza atafanya nini na kalima hiyo itakapokuja Siku ya Kiyama. Usama akaomba aombewe maghufira, na Bwana Mtume akalirudia swali lile lile, akalirudia tena, asimzidishie neno juu yake.

Usama amesimulia kuwa swali lile lilikaririwa mpaka akatamani lau asingelikuwa amesilimu kabla ya siku ile. Wako wasomaji wanaotishika na maneno haya, nao wasitishike. Hakutamani ukafiri, Mungu apishe mbali. Alijua kuwa kusilimu hufuta yaliyotangulia, basi alitamani Uislamu wake ungeanza siku ile ili damu ile iwe miongoni mwa yaliyofutwa. Huyu ni mtu aliyesilimu tangu utotoni, hajui dini nyingine, na fahari ya maisha yake yote ni kule kutangulia. Alikuwa tayari kuitoa fahari yote hiyo ili awe hakuutia mkuki ule.

Wanavyuoni wamesema kuwa hakupitishiwa kisasi kwa sababu alikuwa na shubha, yaani alidhani kuwa yule angali adui wa vita na kuwa neno lake halimlindi. Hukumu ya sheria ilimwacha. Lakini swali halikumwacha. Na sisi twaona kuwa katika malezi yote ya Bwana Mtume ni vigumu kupata lililo zito kuliko hili, kwani alimpenda kijana huyu na alikuwa akiweza kumtuliza kwa neno moja. Kila jemadari hufanya hivyo. Humwambia askari kuwa vita ndivyo vilivyo, asijisumbue, anywe maji alale. Bwana Mtume hakumtuliza na wala hakumfukuza. Alimwacha na jambo lake zima, bila ya kulipunguza.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, askari asimame hivi hivi mbele ya muuaji kwa kuwa ametamka neno? Si atauawa yeye? Jawabu yake imo katika kitendo cha yule Ansari. Yeye aliuzuia mkono, hakuutupa mkuki. Mtu aliyezidiwa nguvu hufungwa, hulindwa, huchukuliwa mateka, akatazamwa mwendo wake. Sheria haimtaki mwenye kupigana awe mjinga. Inamtaka atambue kuwa sababu iliyomhalalishia kuua imeondoka, na ikiondoka basi na ruhusa imeondoka nayo, hata kama hasira ingalipo. Na Miqdad bin Al-Aswad alikwisha kuliuliza jambo hili kwa sura iliyo ngumu zaidi: akakata mkono wa Mwislamu kwa upanga, kisha akakimbilia nyuma ya mti na kutamka kusilimu, je, auawe? Bwana Mtume akamkataza. Akambainishia kuwa akimuua, mtu yule atakuwa katika daraja aliyokuwa nayo Miqdad kabla ya kuua, na Miqdad atakuwa katika daraja aliyokuwa nayo mtu yule kabla ya kulitamka neno. Yaani wawili hawa watabadilishana mahali, na mkono uliokatwa haubadili kitu.

Hili si la uwanja wa vita peke yake. Wanafunzi wetu wa pwani husoma Minhaj ya Imamu Nawawi, na humo, katika mlango wa kumzuia mshambuliaji, imepangwa daraja baada ya daraja: lenye kuzuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele, kupiga ni haramu, la mkono, mjeledi ni haramu, la mjeledi, fimbo ni haramu, la kukata kiungo, kuua ni haramu, na mwenye kuweza kukimbia, kwa kauli yenye nguvu ya madhehebu, ni wajibu akimbie. Twaisoma, twaihifadhi, kisha mtu hupigiwa kelele za mwizi katika mitaa ya miji yetu, naye amekwisha kuanguka chini, amenyosha mikono na anaomba kwa jina la Mungu, na katika wanaomnyanyulia mawe wamo walioihifadhi. Ukiwauliza, watakujibu kwa zile nyudhuru mbili za Usama: kwamba anajifanya tu, na kwamba amekwisha kuwaumiza watu wengi.

Katika zama zetu wataalamu wa nchi za Magharibi wamelichungua jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1947 afisa mmoja wa jeshi la Marekani, S. L. A. Marshall, alitoa kitabu akidai kuwa katika vita vikuu vya pili askari waliofyatua bunduki zao hawakuzidi 15 hadi 25 katika kila 100. Hesabu yake imekuja kutiliwa shaka kubwa na waliomfuata, kwani ushahidi wa kuisimamisha haukuonekana, na ni vizuri ndugu zetu wasiinukuu kama jambo lililokatwa. Lenye nguvu zaidi ni lile la madaktari waliowatibu askari waliorudi Vietnam. Jonathan Shay aliandika mwaka 1994 juu ya askari ambao ugonjwa wao haukutokana na hofu peke yake, bali na kuvunjwa kwa lililo haki, na mwaka 2009 Brett Litz na wenzake wakalieneza jambo hilo hadi kwa mtu aliyetenda yeye mwenyewe, au aliyeshindwa kuzuia, kitendo kinachopingana na anayoyaamini. Wameliita jeraha la dhamiri. Sisi tunalipokea neno hilo kwa shukrani, ila tunasema kuwa jeraha hilo si ugonjwa wakati wote. Kwa Usama lilikuwa jicho.

Tuyatazame basi maisha yake yaliyobaki. Mwaka wa 8 (629) baba yake aliuawa Muta, akiwa na bendera mkononi. Mwaka huo huo Makka ilifunguliwa, na Bwana Mtume aliingia akiwa amempakia Usama nyuma yake, akaingia naye ndani ya Al-Kaaba pamoja na Bilal na Uthman bin Talha. Siku ya Hunayn, watu wengi walipokimbia, Usama alikuwa katika wachache waliosimama, basi asidhani mtu kuwa tukio la Juhayna lilimtoa ushujaa. Na mwanamke wa Bani Makhzum alipoiba na jamaa zake wakamtuma Usama amwombee, alikemewa mbele ya watu kama alivyokemewa mara ya kwanza, mapenzi hayakumkinga.

Kisha katika mwezi wa Safar mwaka wa 11 (632) Bwana Mtume akamfanya amiri wa jeshi la kwenda Sham, katika nchi ile ile alikouawa baba yake. Watu walinung'unika kwa udogo wake, na Bwana Mtume, naye ni mgonjwa, akatoka akawakumbusha kuwa waliwahi kunung'unikia uamiri wa baba yake pia, na kuwa wote wawili walistahiki. Wasemaji wetu huishia kwenye umri. Sisi tunastaajabishwa na jambo jingine: kuwa upanga mkubwa wa Waislamu wa siku ile ulitiwa mikononi mwa kijana aliyekwisha kuua pasipo haki, na mwenye kisasi cha baba yake huko anakokwenda. Mwenye akili ya kidunia angelimwepusha. Huenda, na Mungu ndiye mjuzi, hapakuwa na mtu katika jeshi lile aliyejua kuliko yeye uzito wa kuuinua mkono.

Jeshi lilipiga kambi Al-Jurf, nje ya Madina, na Bwana Mtume akafariki kabla halijaondoka. Sayyidna Abubakar akakataa kulirudisha. Akatoka kulisindikiza kwa miguu, Usama yu juu ya mnyama wake, akamwomba ruhusa amwachie Sayyidna Umar abaki naye Madina. Khalifa amwomba kijana! Na Tabari amepokea kuwa hapo ndipo alipowausia wasifanye hiana, wasikate viungo vya maiti, wasiue mtoto wala mzee wala mwanamke, wasikate miti yenye matunda, na wawaache watawa katika mahekalu yao. Usama alikwenda mpaka Ubna, akapigana, akarejea na jeshi lake. Baadhi ya waandishi wanasema kuwa muuaji wa baba yake aliuawa katika safari hiyo.

Umar alipopanga posho za watu, alimpa Usama 3,500 na mwanawe mwenyewe Abdullah 3,000, na mwana alipouliza akajibiwa kuwa baba yake Usama alipendwa na Bwana Mtume kuliko baba yake yeye, na Usama vilevile kumliko yeye.

Kisha likaja lile ambalo maisha haya yalikuwa yakilielekea. Sayyidna Uthman aliuawa mwaka wa 35 (656), na Waislamu wakachomoleana panga wao kwa wao. Ahlu Sunna wameshika kunyamaza juu ya yaliyopita baina ya masahaba, nasi hatutatoka katika mwendo huo. Tunaeleza ya Usama tu. Usama hakupigana. Alimpenda Sayyidna Ali na hakumpinga. Alimtuma mtumishi wake Harmala kwake, akijua kuwa ataulizwa kwa nini bwana wake amebaki nyuma, akamfundisha jawabu: kuwa lau Ali angelikuwa katika taya la simba, Usama angelipenda awe naye humo humo, lakini hili ni jambo ambalo yeye hakuliona. Sayyidna Ali hakumpa Harmala kitu katika mali. Harmala akaenda kwa Hasan na Husayn na Abdullah bin Jaafar, nao wakamjazia mnyama wake. Hasan huyu ndiye yule waliyekuwa wakikaa pamoja juu ya mapaja mawili.

Watu walilielewa jambo lake. Saad bin Abi Waqqas, ambaye kwa ushujaa hakuna wa kumfundisha, naye alijitenga na vita vile, na alipohimizwa alisema kuwa hatamuua Mwislamu mpaka yule mwenye kitumbo amuue kwanza, akimkusudia Usama, ambaye alikuwa na kitumbo kidogo. Kijana wa mkuki amekuwa kipimo cha wazee. Yule aliyeuzuia mkono wake tangu mwanzo, yule Ansari, hakuna aliyemtolea mfano; kilichoshuhudiwa ni mkono uliokosea na kisha usiinuke tena juu ya mtu aliyetamka kalima.

Usama alikaa kitambo Mizza, karibu na Dameski, kisha Wadil Qura, kisha akarudi kwao. Alifariki Al-Jurf, pale pale alipokuwa amelipigisha jeshi lake kambi, mwaka wa 54 (674) kwa kauli iliyo mashuhuri, akachukuliwa Madina akazikwa.

Miaka kadhaa baadaye, katika fitina ya zama za Ibn Zubayr, Jundub bin Abdillah aliagiza akusanyiwe watu azungumze nao. Alikuja amevaa joho la manjano lenye kofia, akawaacha waendelee na mazungumzo yao mpaka zamu ilipomfikia. Akalivua joho kichwani, akawahadithia habari ya Usama na mtu wa Juhayna.